Meza ya Madoa

Kafedha Lewa alipewa usimamizi wa londri siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa amesimama mbele ya pasi ya roli na shuka mikononi. Bi Mwanarehema, mwenye londri, aliingia kwa mlango wa nyuma kama ilivyokuwa desturi yake, akavua viatu vyake vya nje na kuvaa kandambili zilizokuwa zikimngojea pale, kisha akamwita kando.

"Shikamoo Bi Mwanarehema."

"Marahaba mwanangu. Bramwel ameniletea barua. Amepata kazi Naivasha, kwenye mashamba ya maua. Mwisho wa mwezi aenda zake. Nimefikiri sana, na nimeona hapana haja ya kutafuta mtu wa nje. Wewe kazi hii waijua."

"Lakini mimi sijasomea umeneja."

"Na mimi sikusomea udobi," alisema yule mama. "Watu kumi na wanne si serikali. Inshallah utaweza."

Londri yenyewe ilikuwa Mtopanga, nyuma ya safu ya maduka ya vifaa vya ujenzi, jengo refu la mabati ambalo mpita njia hulijua kwa harufu ya sabuni kabla hajasikia mlio wa mashine. Kila asubuhi magari yalileta mashuka, foronya na taulo kutoka hoteli za Shanzu, na alasiri yakayarudisha yakiwa meupe na yamenyooka. Kafedha aliingia pale akiwa na miaka ishirini na minne, mgeni kutoka Kaloleni, akaanza kwa kukunja taulo. Ikapita miaka kumi na tisa. Alihamishwa kwenye pasi ya roli, lile pipa refu la moto linalomeza shuka upande mmoja na kulitema upande wa pili limelainika, na akaizoea hata akawa anajua kwa kugusa tu kama kitambaa ni pamba tupu au kimechanganywa. Alipanga nyumba Bombolulu, akaolewa na Menza, fundi wa mabomba, akamzaa Kai, na tangu hapo kazini wote wakawa wanamwita Mama Kai.

Bramwel, msimamizi aliyekuwa akiondoka, alikuwa mtu wa bara mwenye bidii na mwenye daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na hakuwahi kumtolea mtu tusi. Lakini kila kosa aliliandika: jina, tarehe, na kilichoharibika. Makosa yakizidi alikuandikia barua ya onyo, na barua ya tatu ilikuwa ndiyo ya kukuaga. Siku yake ya mwisho alimkabidhi Kafedha funguo na lile daftari, na kumpa mawaidha ya dakika mbili.

"Mama Kai, hawa unawapenda, na wao wanakupenda. Hapo ndipo shida itaanzia. Ukilegeza siku moja tu, watakupanda kichwani."

Kafedha aliyatia moyoni maneno hayo, kwa sababu ndilo jambo alilokuwa akiliogopa tangu Jumatano ile. Jana alikuwa akikaa nao kwenye benchi moja wakinywa chai na viazi vya karai. Leo angewaambia nini, na wamsikize kwa nini?

Wiki ya tatu ya usimamizi wake, simu ilipigwa kutoka hoteli kubwa kuliko zote walizozihudumia. Aliyepiga alikuwa Lynnette, msimamizi wa vyumba, mwanamke mtaratibu ambaye hakuwa na mazoea ya kupiga simu. Alimtaka Kafedha aende mwenyewe.

Alipofika alikuta mashuka sita yametandazwa juu ya meza. Kila moja lilikuwa na vidoa vidogo kama punje za dengu, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kafedha alijua mara moja kwamba ni kutu.

"Mgeni akiona hivi hafikirii kutu," Lynnette alisema. "Anafikiri ni damu. Jana mmoja amehama chumba, na amehama na maneno."

"Nimeona. Tutalirekebisha."

"Si hayo sita tu. Yamekuwa yakija tangu Aprili, na sasa yamezidi. Tena hesabu haitimii. Mashuka ishirini na mawili yamekuja kwenu na hayajarudi." Kisha akasema bila ukali, "Mama Kai, mimi pia nina wakubwa wangu. Nimeambiwa nikupe wiki tatu. Msimu wa wageni ukianza na hali ni hii, tutapeleka kazi kwingine."

Hoteli hiyo peke yake ilikuwa nusu ya kazi yao yote. Kafedha alirudi Mtopanga akiwa ameketi mbele ya gari, mkono kwenye dashibodi.

Akafanya alichokijua. Alifungua daftari la Bramwel. Kwenye ukaguzi, pale mashuka yanapotazamwa kabla ya kupakiwa, palikuwa na mtu mmoja. Akaongeza wa pili. Alitangaza kwamba shuka lolote litakalotoka na doa, jina la aliyelishika litaandikwa. Na kwa kuwa kutu hutoka kwenye maji na vyuma, na maji na vyuma vilikuwa upande wa kufulia, alimwandikia barua ya onyo Tinga, mkuu wa mashine za kufulia.

Tinga alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikuwapo londri kabla ya Kafedha, na ndiye aliyemfundisha, siku yake ya kwanza kabisa, namna ya kuinua mashuka mabichi bila kuumiza mgongo. Aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati.

"Sawa, Mama Kai," alisema, akarudi kwenye mashine zake.

Kafedha angependa zaidi kama angegomba. Ile "sawa" alikwenda nayo nyumbani, akala nayo wali, akalala nayo.

Siku kumi zikapita, na daftari la ukaguzi likawa safi ajabu. Madoa matatu tu, kwa siku kumi. Kafedha akaanza kupumua. Kisha Lynnette akampigia tena: kwa siku hizo hizo kumi, wahudumu wake walikuwa wametenga mashuka arubaini na moja, na hesabu ilikuwa imepungua zaidi.

Hapo alichanganyikiwa. Shuka haliwezi kuota kutu ndani ya gari kati ya Mtopanga na Shanzu. Alisimama penye ukaguzi asubuhi nzima akitazama, na mbele ya macho yake kila kitu kilikwenda vizuri. Watu walifanya kazi kwa kasi, vichwa chini. Wakati wa chai alipokaribia benchi, walisogea wakampa nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji, na mazungumzo yakakatika. Achieng wa ukaguzi, ambaye zamani alikuwa hamalizi kikombe bila kumchekesha, alitazama tu viatu vyake.

Mchana huo aliingia stoo kutafuta sabuni. Nyuma ya mapipa matupu aliona gunia ambalo halikuwa na sababu ya kuwa pale. Alilivuta, akalifungua. Ndani mlikuwa na mashuka kumi na tisa, yote na madoa, na yote yamekunjwa vizuri kama ya kupelekwa kwa mgeni. Kila mkunjaji ana mkono wake, kama vile kila mtu ana mwandiko wake. Ncha za mashuka haya zilikuwa zimerudishwa ndani mara mbili. Huo ulikuwa mkono wa Achieng.

Hasira ilimpanda, na ikashuka kabla hajainuka. Aliketi juu ya pipa. Jambo ambalo kwa miaka kumi na mitano alikuwa amelipita kando, kama mtu apitavyo mlango wa nyumba asiyoitaka, lilimjia zima.

Wakati huo Kai alikuwa mchanga wa miezi mitano, na alikuwa akikesha naye. Siku hiyo walikuwa na vitambaa vya meza vya karamu ya harusi, vya rangi ya maziwa, vyenye upindo wa kahawia. Kafedha alisinzia akiwa amesimama, sekunde chache tu, na roli likaunguza kitambaa kimoja, alama ya ukubwa wa kiganja. Alikikunja haraka, alama ikiwa ndani, akakiweka kwenye rundo la msichana aliyekuwa akikunja pembeni yake, Purity. Alijiambia ni kwa muda tu, mpaka apate la kumwambia Bramwel. Kitambaa kikaonekana kabla ya gari kuondoka. Bramwel akauliza ni rundo la nani. Purity alikuwa tayari na barua mbili. Kufikia saa ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha kwenda zake, na Kafedha, aliyekuwa hatua tano kutoka pale, hakufungua kinywa.

Alikaa juu ya lile pipa mpaka mtu akaja kuuliza sabuni iko wapi.

Asubuhi iliyofuata aliwakusanya wote kabla ya mashine kuwashwa. Yale mashuka kumi na tisa aliyatandaza juu ya meza ndefu ya kukunjia, madoa juu. Hakuna aliyeuliza ameyapata wapi. Achieng alikuwa ametazama sakafu.

Kafedha alikuwa amepanga kusema juu ya mashuka tu. Lakini alipoanza aliona nyuso zao zimekwisha kufungwa, na akajua kwamba atakalosema litagonga ukuta na kurudi. Basi akawaeleza habari ya kitambaa cha meza. Aliieleza yote, na jina la Purity akalitaja. Wachache waliomkumbuka waliinua macho.

"Mimi nilificha kwa sababu niliogopa," alimalizia. "Na ninyi mnaficha, na mengine mnayapitisha bila kuyaandika, kwa sababu mnaniogopa mimi. Wiki tatu nilizopewa zimebaki siku tisa. Sijui kutu hii inatoka wapi. Nyinyi mnaoshika haya mashuka ndio mnaoweza kujua, na mimi nimewaziba midomo." Akamgeukia mkuu wa kufulia. "Kaka Tinga, ile barua niliiandika bila kukuuliza hata neno moja. Naomba unirudishie niichane."

Tinga aliitoa mfukoni. Alikuwa akitembea nayo. Alimpa.

Achieng akauliza, "Na huyo Purity, ulimwambia?"

"La."

"Kwa nini?"

Kafedha aliichana ile barua vipande vinne, akaviweka mezani.

"Yuko wapi sasa?"

"Nasikia yuko Mikindani."

"Si mbali," Achieng alisema.

Siku hiyo waliweka meza ndogo karibu na dirisha, mahali penye mwanga. Kafedha aliwaambia kwamba shuka lolote lenye doa liletwe pale, na jina la mtu lisiandikwe. Yaandikwe mambo matatu: ni la hoteli gani, limefuliwa na mashine ipi, na limeonekana saa ngapi. Hakuna aliyeleta kitu siku hiyo, wala siku ya pili. Kafedha alipita pale mara ishirini akiitazama ile meza tupu, na mara mbili mkono ulimwasha kwenda kufungua daftari la zamani. Alijizuia.

Siku ya tatu Achieng alikuja na shuka moja, amelibeba kwa mikono miwili, akaliweka, akasimama pale kama anayengoja kuona kitakachofuata. Kafedha aliandika mashine na saa, akamshukuru, akaendelea na kazi yake. Kufikia saa kumi jioni meza ilikuwa na mashuka kumi na sita. Siku iliyofuata yaliongezeka zaidi, na Kafedha aliyaona yakirundikana kwa hofu. Kwani kama Lynnette angeingia saa ile, angeona londri iliyooza kabisa.

Mashine haikuwa jawabu. Madoa yalitoka kwenye zote tatu, karibu sawasawa. Saa ndiyo iliyosema kitu: kabla ya saa tatu asubuhi hapakuwa na doa hata moja, na baada ya saa tano yalimiminika. Achieng, aliyeachiwa kazi ya kuyapanga, aligundua jambo jingine. Vidoa havikutawanyika ovyo. Vilikuwa katika mistari, na kati ya kimoja na kingine palikuwa na upana wa vidole vitatu.

Tinga aliitwa. Alilitazama shuka moja kwa muda mrefu, akatoka, akarudi akisukuma toroli, mojawapo ya yale ya nyaya wanayobebea mashuka mabichi kutoka kwenye kufulia hadi kwenye kukaushia. Aliligeuza juu chini. Zamani nyaya zake zilikuwa zimevishwa plastiki nyeupe. Sasa ile ya chini ilikuwa imebanduka kila mahali nyaya zinapokutana. Alilaza shuka juu yake, akalisogeza kidogo. Vidoa vikakaa kwenye vyuma, kila kimoja mahali pake.

Mtu mmoja alicheka, kwa ule mcheko wa kuishiwa nguvu.

"Basi ni matoroli," Kafedha alisema.

"Toroli ni nusu," Tinga alisema. "Shuka likikaa humu dakika tano, halipati kitu. Haya yanakaa saa nzima, tena na maji yetu ya kisima yenye chumvi. Yanangoja."

"Yanangoja nini?"

"Mashine za kufulia ni tatu, Mama Kai. Za kukaushia ni mbili. Zilikuwa zinatosha, mpaka Pasaka tulipoongezewa hoteli ya tatu. Sasa mimi nafua, nafua, na mbele yangu hakusogei. Nilimwambia Bramwel. Akaniambia kazi yangu ni kufua, mashine isisimame."

"Mbona hukuniambia mimi?"

Tinga alimtazama kwa upole. "Nilikuwa nangoja utulie. Ukaniletea barua."

Alasiri hiyo Kafedha alikwenda nyumbani kwa Bi Mwanarehema, Kisauni. Alikaribishwa kahawa na kashata, na aliposema haja yake yule mama aliweka kikombe chini.

"Kushona turubai ndani ya matoroli, sawa. Hilo lafanyika kesho. Lakini wataka mashine yangu moja isimame kila siku tangu saa tatu mpaka saa sita? Mwanangu, mashine ikisimama, mimi nimesimama."

"Haisimami sasa, Bi Mwanarehema, lakini inafua nini? Nimeandika siku hizi nne. Kila mashuka mia tunayofua, kumi na manane yanarudi kufuliwa tena kwa sababu ya kutu, na mengine tunayarudia mara tatu. Mengine yamefichwa. Ile mashine ya tatu inashinda ikifua kazi ya mashine mbili za kwanza."

Bi Mwanarehema alikaa akiizungusha pete yake. Alikuwa mwanamke aliyeanza na beseni mbili na kamba ya kuanikia, na mlio wa mashine ulikuwa kwake ndio uhakika kwamba mambo yanakwenda.

"Wallahi mimi nikifika pale nikisikia kimya, moyo utanienda mbio," alisema mwishowe. "Haya. Nakupa juma moja. Nami sitakuja, nisije nikaiwasha mwenyewe."

Jumapili Kafedha alitoka kanisani, akamwambia Menza kwamba ana safari fupi, akaenda Mikindani. Aliuliza kwenye maduka mawili akaelekezwa. Purity alikuwa amenenepa, na alikuwa na kibanda safi cha kuuzia mayai na mikate kando ya barabara ya ndani. Alimtambua mara moja, akamvutia kiti cha plastiki, akamuuliza habari za watu wote wa londri, mmoja mmoja. Kafedha alimjibu mpaka maswali yakaisha. Kisha akamwambia.

Purity alimsikiliza akipanga mayai kwenye trei. Mikono haikuacha kazi.

"Kile cha rangi ya maziwa?" aliuliza.

"Ndicho. Chenye upindo."

"Niliona kwamba ni mimi," Purity alisema. "Miaka yote hii. Nilisema labda nilikiweka juu ya pasi ndogo ya pembeni bila kujua. Niliwaza sana, nikakosa kukumbuka, nikasema basi mimi ni mtu wa kutoangalia. Baadaye niliitwa kazi kwenye hoteli, kupiga nguo za wageni pasi, nikakataa. Nilimwambia mume wangu mimi mikono yangu si ya vitu vya watu."

Kafedha alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hilo hakuwa amejiandaa kulisikia. Alisema samahani, na neno lenyewe likasikika dogo pale kati ya trei za mayai.

Mteja alikuja, akahudumiwa, akaenda. Purity alifuta meza, ingawa ilikuwa safi.

"Umefanya vizuri kuja," alisema. "Lakini sasa nenda, Kafedha. Nataka kukaa na jambo hili peke yangu."

Akaondoka. Njiani alitambua kwamba kwa miaka kumi na mitano alikuwa akiihesabu ile kazi aliyompotezea mwenzake, basi. Hakuwahi kufikiri kwamba alimpotezea pia imani na mikono yake mwenyewe. Wala hakujua ni watu wangapi, chini ya daftari lile, walikuwa wamekwenda nyumbani na makosa yasiyokuwa yao.

Juma lile la majaribio lilikuwa gumu. Saa tatu asubuhi mashine ya tatu ilizimwa, na kimya chake kikawasumbua wote; Tinga alikuwa akizunguka mikono nyuma kama mtu aliyefika mapema matangani. Siku ya kwanza na ya pili walichelewa kupeleka kazi, na moja ya hoteli zile ndogo, iliyokuwa imekwisha choshwa na mambo yao, ikakatiza mkataba kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Kafedha aliusoma ujumbe huo kwa wote. Hakuna aliyelaumu, lakini siku hiyo chai ilinywewa kimyakimya, na si kwa kumwogopa yeye.

Siku ya nne mambo yalianza kukaa sawa. Shuka lilitoka kufuliwa likaingia kukaushwa likiwa bado na joto la maji. Meza ya dirishani ilipokea mashuka matano, kesho yake mawili. Tinga alipendekeza wamwombe Lynnette awe anagawa mzigo, nusu asubuhi na nusu saa sita, badala ya kuumwaga wote mara moja. Kafedha alimtaka waende pamoja akaeleze mwenyewe. Tinga alivaa shati lake la kanisani, akaeleza kwa maneno machache, na Lynnette aliandika kila alichosema.

Wiki tatu zilipotimia Lynnette alikuja Mtopanga bila kutoa taarifa. Alichagua mashuka hamsini mwenyewe, kutoka katikati ya marundo, akayafungua moja moja penye mwanga. Alipata doa kwenye moja.

"Hili nalo?" aliuliza.

"Hilo limetupita," Achieng alijibu, akalichukua akaliweka kwenye meza ya dirishani, akaandika saa.

Lynnette aliisoma ile karatasi ya saa na mashine, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaonyeshwa lile gunia la stoo, ambalo Kafedha alikataa lifichwe, na mashuka yake yote, ya gunia na yale yaliyokuwa yakingoja kufuliwa tena, yakahesabiwa mbele yake. Mengine yalikuwa yameharibika kabisa, na hayo aliyaandika hivyo. Jioni alipiga simu. Hoteli itabaki nao mpaka Januari, kisha wataangalia tena. Hakuwa ameahidi zaidi ya hapo, na Kafedha alipowaambia wenzake hakuongeza chumvi.

Mwisho wa Novemba Bi Mwanarehema alikuja, akavaa kandambili zake, akasimama katikati ya londri akisikiliza. Ilikuwa saa nne, na mashine moja ilikuwa imenyamaza. Alivumilia. Kisha alimwita Kafedha kando na kumwambia kwamba kuna hoteli nyingine imemtafuta, ya vyumba sitini, na wanataka jibu kesho.

"Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Kafedha aliona jinsi yule mama alivyoitaka hiyo kazi. Na yeye mwenyewe aliitaka. Ingeziba pengo la ile iliyoondoka, na ingeonekana vizuri kwa msimamizi mpya. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari ulimini.

"Nipe mpaka saa saba," alisema. "Nataka kwanza kuwauliza."

Aliwauliza wakati wa chai, akiwa ameketi kwenye benchi. Walibishana. Wawili walitaka ichukuliwe. Achieng alisema ukaguzi hautaweza bila mtu mwingine. Tinga alikoroga chai yake mpaka ikapoa, akasema kwamba ikiwa mashine ya tatu ya kukaushia itanunuliwa kabla, sawa; kama sivyo, watarudi walikotoka kabla ya Krismasi.

Saa saba Kafedha alimpelekea Bi Mwanarehema jibu hilo, jinsi lilivyosemwa, pamoja na majina ya waliopinga na ya waliotaka. Yule mama alinung'unika, akauliza bei za mashine za kukaushia, akanung'unika tena. Kisha akatoa simu kwenye mkoba, akawaandikia wale watu wa vyumba sitini kwamba aweza kuwapokea mwezi wa pili, wakipenda kungoja.